Waambie Tumewasikia

Baba yangu alikuwa haijui besiboli, tena kwa makusudi. Alielezwa mara nyingi, kwa mdomo na kwa vikombe vilivyopangwa mezani, akakataa kuelewa. Mdogo wangu wa kiume aliianza utotoni kwenye kiwanja cha nyasi karibu na kwetu Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, akaicheza Sweden nzima, mpaka wakaja watu kutoka Amerika wakamchukua kabla hajaota ndevu za maana. Miaka yote hiyo baba aliiita "mchezo wa fimbo." Akiulizwa msikitini mwanawe anafanya nini ng'ambo, alijibu kwamba kijana yuko masomoni, anakaribia kumaliza. Yalikuwa masomo marefu kuliko ya udaktari.

Ukweli ni kwamba alikuwa mrushaji. Mrushaji husimama katikati ya kiwanja akamtupia mpira mtu mwenye gongo, na yule mtu hujitahidi kuupiga. Hiyo ndiyo kazi, na wako watu wanaolipwa vizuri sana kuifanya. Kuna warushaji wanaoanza mchezo na kuna wanaoingizwa mwishoni kuulinda ushindi usiponyoke. Yeye alikuwa wa mwishoni. Alizunguka kwa mabasi katika ligi za chini miaka mingi, akala vyakula vya vituo vya mafuta, na mara mbili alipandishwa ligi kuu, mara mbili akateremshwa. Mimi nilikuwa namtazama kwenye simu nikiwa zamu, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi huko Tumba. Wazee wangu wa Kiswidi walikuwa wanamfahamu kuliko baba yake mzazi.

Vuli ile mkataba wake ulikwisha, akanipigia kuniambia kwamba sasa ni mchezaji huru. Nikapiga kigelegele palepale kwenye korido, mwenzangu wa zamu akatoka mbio akidhani kuna mzee ameanguka.

"Dada, tulia," akasema. "Maana yake sina kazi."

Alirudi Stockholm Novemba, na begi moja la nguo na moja la vifaa. Mama yetu alishatangulia mbele ya haki, baba alikuwa anaishi peke yake pale ghorofani, kwa hiyo kijana akarudi kwenye chumba chake cha zamani na kitanda ambacho sasa miguu yake ilikizidi. Mpango wake ulikuwa afanye mazoezi na angoje simu ya wakala wake. Mkataba ukipatikana, aondoke kabla ya Februari, kwa sababu kambi za mazoezi hufunguliwa Februari na warushaji ndio wanaoitwa kwanza. Aliyekosa kambi, na umri umeshapita thelathini, mara nyingi ndiyo basi tena. Hayo alinieleza ndani ya gari tukitoka uwanja wa ndege, anatazama misonobari nje, kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya treni. Mimi, niliyeshika usukani, ndiye niliyepitiliza njia ya kutokea barabara kuu.

Simu ikawa haiiti. Soko la wachezaji lilikuwa limelala mwaka ule. Mastaa wakubwa walikuwa hawajasaini, kila mmoja anangoja dau lipande, na vilabu vinangoja lishuke. Maadamu wakubwa hawajapata viti, wadogo hawana pa kukaa, kwa kuwa klabu haijui itabakiwa na nini. Mama alipokuwa msichana aliuza nyanya sokoni kwao Tanga, na alikuwa akitusimulia habari za wanunuzi wanaozungukazunguka tangu asubuhi bila kuuliza bei, wanasubiri jua lizame na muuzaji achoke. Mdogo wangu alipomaliza kunieleza mambo ya vilabu nikamwambia, "Kumbe ni wale watu wa nyanya."

"Wale wale," akasema. "Na mimi ndiyo nyanya."

Mazoezi aliyafanya katika ukumbi wa michezo wa shule moja hapa Tumba, ambao mtu wa klabu yake ya zamani alimwombea saa za mchana. Mrushaji hawezi kurusha peke yake, lazima awepo wa kudaka, na siku zangu za mapumziko mdakaji nilikuwa mimi. Utotoni nilidaka kwa sababu mama alikuwa hamwachi atoke bila mimi. Sasa nilidaka nikiwa mwanamke mzima mwenye mgongo mbovu, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kinyago cha chuma usoni, ushungi umechungulia kwa chini. Siku ya kwanza alinirushia polepole kwa kunionea huruma. Nikamtukana. Akarudi nyuma, akanyanyua mguu, akarusha.

Kiganja kiliniuma ndani ya glovu kama nimeshika sufuria la moto. Kesho yake kazini nilishindwa kufungua vifuniko vya dawa, wazee wakanicheka. Kila nilipokwenda ilikuwa hivyo, na mipira ya Januari ilikuwa mikali kuliko ya Novemba. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mkono ule ulikuwa mzima, na kwamba mimi si mtu wa kusimuliwa.

Siku moja baba akaomba kufuatana nasi. Upweke ulikuwa umemchosha, nadhani, na nyumba ilikuwa na baridi ya kukosa mtu. Alikaa kwenye benchi amevaa koti lake lote, chupa ya chai kati ya miguu, akatazama mpira ukienda na kurudi. Baadaye akaniuliza, "Sasa hao wanaomtaka watakuja kumwona hapa?"

Nikamwambia hapana, baba, yuko wakala Amerika, ndiye anayezungumza na vilabu kwa niaba yake.

"Kwa hiyo yeye mwenyewe hasemi nao?"

"Hasemi nao. Wakala anapeleka na kuleta."

"Mshenga," akasema baba.

"Haya, mshenga."

"Na vilabu ndivyo vinavyoposa."

Nikacheka, nikasema ndivyo. Baba hakucheka. Aliinua uso kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lake, akamtazama mwanawe pale mbele akijifuta jasho, akasema kwa uchungu kabisa, "Miaka yote hii, kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Inabidi nieleze. Baba ni Mganda. Alikimbia kwao kijana mdogo, akafika Tanga hana ndugu wala ukoo, Kiswahili chake cha kuokotaokota, na huko akampenda binti muuza nyanya. Hakuna hadithi aliyoipenda kama ya posa yake. Washenga wake walikuwa majirani wawili wazee, kanzu aliazima. Barua ya kwanza ilipokewa kwa heshima, chai ikanywewa, wakajibiwa: tumewasikia, tutawajibu. Wakaenda tena, wakaambiwa mjomba yuko safarini. Wakaenda tena, ndipo wakakubaliwa. Baba alikuwa akiisimulia hadithi hiyo na kifua mbele. Kwake yeye, kurudishwa ndiko kulikoonyesha kwamba alikuwa anaposa kwa watu. Nyumba inayosema ndiyo siku hiyohiyo inamtangazia mwenye kuposa kwamba binti amedoda. Na anayekutaka kweli, alisema, atarudi. "Mimi mkimbizi nilirudi, sembuse wenye mali?"

Tangu siku ile ya ukumbini baba akawa mtu mwingine. Alimpokea kijana mlangoni kwa swali lilelile: "Mshenga kasemaje?" Alitaka kujua vilabu vipi vina watu wema, vipi vina dharau. Alijifunza tofauti ya mrushaji wa kuanza na wa mwishoni, jambo lililotushinda sisi tangu utotoni kumfundisha, na Ijumaa moja nilimsikia kwa masikio yangu akimwelezea mzee mmoja wa Kikongo nje ya msikiti, mikono hewani. Masomo ya Amerika hayakutajwa tena. "Mwanangu ni mrushaji," alisema, "na sasa hivi yuko katika kuposwa." Mzee wa Kikongo akasema kwa Kifaransa "Ah bon," yaani kumbe, akampa mkono wa hongera.

Mdogo wangu naye alichanua. Hajawahi kuwa mwingi wa maneno na baba. Tangu shule ya chekechea anasemeshwa Kiswahili naye anajibu Kiswidi, kila mmoja upande wake wa ukuta. Majira yale ya baridi niliwakuta mezani wameinamia simu moja, kijana anatafuta maneno ya Kiswahili ya kuelezea mpira unaopinda, baba anamsaidia. Niliwasha jiko nikawapa mgongo, maana machozi yalikuwa yamenilenga na mimi sipendi kuonekana nalia.

Simu ikaja Desemba, alasiri, nje giza limeshaingia. Nilikuwepo, nakaanga sambusa. Kijana akaiweka mezani sauti wazi. Wakala alikuwa na furaha. Klabu moja imeuliza: mkataba wa mwaka mmoja wa ligi ya chini, pamoja na mwaliko wa kambi kubwa Februari, na huko akifanya vizuri wanaweza kumpandisha. Si mkataba wa kutambia watu. Lakini ni mlango, na katika mwaka ule wa milango iliyofungwa, wakala alisema, aukubali. Wanataka jibu kesho.

Kijana akasema, "Nitazungumza na baba yangu." Wakala akacheka, akadhani ni utani.

Baba alizima televisheni. Akavaa kofia yake, nakumbuka, kana kwamba wageni wako sebuleni. Akauliza klabu ni ya watu gani, wamesema kwa adabu au kwa kuamrisha, na kama ndiyo mara yao ya kwanza kuja.

"Ya kwanza," kijana akasema.

"Na wanataka jibu kesho."

"Ndiyo."

Baba akatikisa kichwa, akamwita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, nisikilize. Mtu akija mara ya kwanza anataka jibu kesho, anakupima. Ukimwambia ndiyo, atakuweka jikoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waambie tumewasikia, tunawashukuru, tutawajibu. Wacha warudi na neno zuri zaidi."

Mimi nikasema, "Baba, huko sio Tanga."

"Watu ni watu," akanijibu, na hakukasirika, alikuwa na furaha mno hata asiweze kukasirika. "Mama," ndivyo anavyoniita, "leta chai."

Nilimtazama mdogo wangu. Nilikuwa na hakika atamkatalia. Yeye ndiye aliyeishi na watu wale, yeye ndiye ajuaye. Alikuwa anamtazama baba. Halafu akachukua simu, akampigia wakala, akamwambia kwa Kiingereza maneno yaleyale aliyopewa, neno kwa neno: tell them we have heard them, and we thank them, and we will answer. Wakala akauliza, ni ndiyo au ni hapana? Kijana akarudia kama alivyofundishwa. Baba alikuwa anasikiliza akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akisoma vizuri. Sambusa zangu ziliungua, tukazila hivyohivyo.

Siku zilizofuata baba aliisubiri safari ya pili ya wale wageni. Aliwaita hivyo, wageni. Alinyoa. Alimtuma kijana duka la Hallunda Centrum akanunue tende nzuri, sijui alifikiri zitapitishwa vipi kwenye simu. Kila alipouliza, kijana alijibu, "Bado wanafikiri, baba." Likafika tamasha la taa na mishumaa la Waswidi, ukafika mwaka mpya na fataki zake, na bado wanafikiri. Baba akasema ni dalili nzuri. Wanaofikiri sana ndio wanaotaka sana.

Uvumilivu si sifa yangu. Januari, tumekaa sakafuni ukumbini baada ya mazoezi, kiganja changu kimewiva, nikamwambia mdogo wangu anipe namba ya huyo wakala nimsemeshe mwenyewe, maana analala. Akaanza kufungua kamba za viatu.

"Hawafikiri," akasema. "Walisaini mwingine wiki ileile. Nilipiga asubuhi yake kusema ndiyo. Wakala akasema walihesabu kuwa ni hapana, wameshaondoka."

Aliyasema kwa Kiswidi, kwa utulivu, na mimi nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Nikamwuliza kwa nini alimsikiliza mzee ambaye mpaka majuzi alikuwa anaita gongo fimbo.

"Dada," akasema, sasa kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Mimi tangu nizaliwe baba hajawahi kuniambia kitu kuhusu kazi yangu. Siku ile alikuwa anajua. Ulimwona? Alikuwa anajua kila kitu. Ningesemaje hapana?"

Nikamwuliza kama vipo vilabu vingine, akasema vipo vingi, wakala anajaribu, labda wakubwa wakishasaini mambo yatafunguka. Akatabasamu, lugnt, lugnt, akasema, yaani nitulie. Aliinuka akaenda kukusanya mipira. Nikaamua kunyamaza pamoja naye, baba asijue, kwa sababu nilichoka kutafuta njia nyingine.

Wakubwa wakaanza kusaini mwishoni mwa Januari, mmoja leo, mmoja kesho kutwa. Kila jina lilipotoka kijana alikaa karibu na simu siku nzima. Wakala alipiga mara moja kusema klabu fulani inaulizaulizia, kisha akapiga kusema wameamua kutumia vijana wao. Kwenye treni ya kwenda Hässelby kumwangalia mama mmoja mgonjwa tunayemwita shangazi, simu iliita tukiwa katikati ya jiji, abiria wamebanana na makoti yao, na kijana akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa kampuni ya umeme. Sijapata kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia yule binti wa watu aliyekuwa anafanya kazi yake tu.

Februari ikaingia. Baba akaanza kupungua. Chakula alikichezea kwa kijiko. Msikitini watu walimwuliza, "Vipi, mzee, harusi lini?" kwa utani wa kawaida, hakuna aliyekuwa na nia mbaya, naye alijibu wanakuja, wanakuja, kisha akaanza kuswali nyumbani. Mzee wa Kikongo alinipigia simu kuuliza kama anaumwa.

Nilikwenda kumpikia siku moja ya mapumziko. Kijana alikuwa ukumbini, siku hizo alikuwa anarusha kwenye wavu, kiganja changu nilikuwa nimekipumzisha. Baba akanipa simu yake, akasema kambi zimefunguliwa, anataka kuwaona wale wageni wanafananaje. Nikasema sijui pa kuwapata. Akaniambia nisimfanye mtoto. Nikatafuta, na kwa kweli haikuwa kazi: video ya warushaji wa klabu ile wakinyoosha viungo kwenye jua, nyasi za kijani, mikono wazi, huku kwetu theluji imefika kwenye madirisha ya ghorofa ya chini. Chini yake palikuwa na majina ya waalikwa wa kambi na tarehe walizosaini. Baba ana miwani ya kusomea. Aliivaa kabla sijafikiri.

Alisoma taratibu, kidole kwenye kioo. Aliendesha mabasi ya jiji hili maisha yake yote ya kazi, ratiba anaisoma vizuri kuliko mimi. Kidole kikasimama.

"Huyu ni mrushaji wa mwishoni."

"Ndiyo, baba."

"Alisaini Desemba."

Nikakoroga sufuria.

"Desemba ileile." Akavua miwani, akaikunja, akaifungua tena. "Mama, niambie kweli. Ni mimi?"

Nimewahi kuulizwa maswali magumu na watu wanaokufa, kazini kwangu, na mara nyingi huwa nalipata la kusema. Pale jikoni nilishika mwiko tu. Nilisikia mlango wa mbele, begi likawekwa chini, viatu vikapigwapigwa kutoa theluji, na mdogo wangu akaingia na jasho lake likiwa bado halijakauka. Alitutazama. Akaiona simu mezani na ule uwanja wa kijani. Baba akamwuliza yeye, swali lilelile: ni mimi?

Kijana alivuta kiti akakaa karibu naye. Akasema kwa Kiswahili, kirefu kuliko nilivyowahi kumsikia akikisema.

"Baba, mimi ndiyo nilikudanganya. Mkono ulikufa. Toka kiangazi, huko huko Amerika. Nilificha."

"Umekufaje? Mbona unarusha kila siku?"

"Najaribu tu. Haurudi. Wale wageni wangenipima kambini siku ya kwanza, wangenikuta mbovu, wangenirudisha mbele ya watu wote. Ingekuwa aibu. Wewe ulisema tuwaambie tumewasikia, nikashukuru sana. Ulinifichia aibu yangu."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu ni mzuri kuliko mimi. Hawakukosea."

Mtu huyo hakuwa mzuri kuliko yeye. Nilimtazama mara nyingi baadaye, kwa hasira, nikiwa zamu. Ni mzee kuliko mdogo wangu na mpira wake mtu anaweza kuusoma njiani. Kiganja changu kilikuwa bado na alama ya buluu chini ya kidole gumba. Nilikificha nyuma ya aproni.

Baba alinyoosha mikono akauchukua mkono wa kulia wa mwanawe, akauweka kwenye paja lake, akaushika pale kwenye kiwiko kwa vidole vyote, taratibu, namna tunavyomshika mgonjwa ambaye hatujui anaumia wapi. Kisha akalia. Ni mara ya pili kumwona analia. Ya kwanza ilikuwa makaburini. Aliuliza kwa nini hukuniambia, mwanangu, kwa nini uliubeba peke yako, na kijana akajibu, "Niliona haya, baba." Mkono wake ulikuwa umelala pale pajani, mlegevu kabisa. Kama baba aliamini au hakuamini sijui, na sijamwuliza. Usiku ule alikula.

Wakala alipigiwa simu kesho yake, akashukuriwa. Alijaribu kubisha, akasema Machi kuna watu huumia na nafasi hutokea, wapo wa Mexico, wapo wa Taiwan, wangoje kidogo. Kijana akamwambia hapana, ahsante. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi nikamwambia amechanganyikiwa, kwamba mkono unaweza kusemwa umepona, watu wanapona. Akasema, "Ukipona, itakuwa ni baba tena." Nikamwita mjinga. Nikamkumbatia, nikarudi kazini.

Sasa anafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, kituo kimoja kabla ya kwangu. Huko hakuna baba, anatumia mikono yote miwili na wenzake wanamsifu kwa kasi. Klabu yake ya zamani ilimwomba aje siku za Jumamosi awarushie, nyasi zilipoota, kwa kujifurahisha tu. Kiwanja chenyewe kinaonekana kutoka roshani ya baba. Akawaambia mkono unamsumbua. Kwenye harusi moja ya Waganda walicheza kuvuta kamba, akakaa pembeni na wazee akashikilia makoti. Na baba amerudi msikitini, shwari, anaswali safu ya mbele, na akiulizwa husema, "Mkono ulikwisha. Mungu hakupanga," na watu humpa pole, huzipokea kwa niaba ya mwanawe. Nikimsikia akisema hivyo naona furaha na nataka kuvunja kitu, vyote kwa pamoja.

Mei hii lifti ya jengo la baba iliharibika. Tulikuwa tumetoka dukani sote watatu, na mchele wa gunia dogo, na viazi, na maji ya chupa. Nikachukua viazi. Mdogo wangu akachukua vilivyobaki vyote, akavikusanya kwenye mkono wa kushoto, vipini vikamkata vidole mpaka vikawa vyeupe, akaanza kupanda akiwa ameinama upande mmoja. Mkono wa kulia aliukunja kifuani, kama ulivyo sasa siku zote baba akiwepo. Kwenye ghorofa ya tatu alisimama kuvuta pumzi. Baba alikuwa nyuma yake, ameshika ukingo wa ngazi, anaitazama ile mifuko.

"Pole, mwanangu," akasema.

"Nimeshapoa, baba," mdogo wangu akajibu, akaendelea kupanda.